Mguu wa Kushoto wa Stendi

4 Juni

Naanza kwa kulieleza sharti, kwa sababu bila hilo msimu huu usingekuwa na haja ya kuandikwa.

Mwanangu ni mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima, na kwa hiyo huona ajali hata kwenye zulia. Jumapili alikuja, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba yake, akaniambia kwamba tangu nilipopata kiharusi mwezi wa tatu hapati usingizi. Anataka nihamie kwake, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nikamwambia nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikamjibu kwamba ninachora.

"Si utachora kulekule kwangu, Mama?"

"Nichore ukuta?"

Tulivutana mpaka chai ikapoa, kisha tukapatana. Mwezi wa tisa, mvua zikikaribia, atakuja kunitazama. Nikiweza kutoka nyumbani peke yangu, nikapanda mpaka juu ya machimbo ya kokoto, nikasimamisha stendi ya kuchorea, nikachora, nikarudi bila mtu kunigusa wala kunielekeza, nitabaki nyumbani kwangu na jambo hili halitatajwa tena. Nikishindwa, nafunga mizigo. Tulipeana mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto bado unaniitikia kwa kuchelewa.

Wenzangu wa chama cha wachoraji wa nje, ninyi ambao mtanisikia nikizisoma kurasa hizi kwenye kikao cha kufunga msimu, mnaijua kawaida yetu: kila mmoja husoma shajara yake kama alivyoiandika, bila kuipamba. Basi mtanivumilia nikianza na habari za nyumbani. Za stendi zinafuata.

Stendi yangu ya chumbani haijapata kuvuka kizingiti. Ni nzito kama kabati. Ninayoitafuta sasa ibebeke kwa bega moja, ifunguke kwa mkono mmoja, na isimame juu ya machimbo, mahali ambapo upepo wa kiangazi haumheshimu mtu.

7 Juni

Nimenunua. Muuza vifaa vya sanaa alikuwa mwanafunzi wangu, kama walivyo nusu ya watu wa mji huu, na nilipoingia alisimama wima nyuma ya meza yake.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Nataka stendi isiyoanguka."

Akanitolea moja ya aluminiamu, nyepesi kama mwavuli, yenye miguu mitatu ya mabomba yanayoingiliana, ambayo kila kiungo chake hukazwa kwa kuzungushwa. Akaifungua yeye. Nikaisukuma kwa kiganja, ikakataa kutikisika. Akasema inasimama kama askari wa gwaride.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tunapakana ua kwa ua, alikuwa amenisindikiza bila kualikwa. Tulipofika nyumbani aliitazama kwa muda mrefu.

"Wifi, mbona dukani ilikuwa na mguu wa nne?"

"Mguu gani?"

"Wa muuzaji. Si alikuwa ameishikilia stendi kwa kiatu chake?"

Nilimjibu kwamba vifaa vya sanaa vina watu wake wanaovielewa.

8 Juni

Upepo. Sikutoka.

11 Juni

Nimepanda mpaka kwenye uwanda wa tangi la maji, ambao ni nusu ya njia ya machimbo. Nilichukua mapumziko zaidi ya nilivyotarajia, lakini nilifika. Kuifungua stendi kwa mkono mmoja kulinichukua muda mwingi kuliko kuchanganya rangi. Nikaweka ubao, nikachora anga, nikaanza paa la tangi. Ukaja upepo ambao hata si mkubwa. Stendi ikainama kushoto, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani, ikaanguka. Ubao ukaruka na kutua, upande wa rangi chini, juu ya shati la mlinzi wa tangi lililokuwa limeanikwa kwenye uzio.

Nilimwomba radhi. Akalitazama shati, akaiona mistari miwili ya buluu begani.

"Usijali, Mwalimu Mkuu. Umenipandisha cheo."

Nilirudi na picha iliyobaki nusu. Nimeihukumu stendi: aluminiamu haina uzito wa kupambana na upepo. Nahitaji mbao.

19 Juni

Kwa fundi seremala. Naye pia nilimfundisha. Alikuwa dhaifu wa hesabu, hodari wa kutii. Nilimpelekea mchoro nilioupima mwenyewe.

"Mbao ngumu, Mwalimu?"

"Ngumu."

"Na unene ndio huu?"

"Ndio huohuo."

Alikuna kisogo, akafungua kinywa, akakifunga. "Sawa, Mwalimu."

26 Juni

Zoezi la mkono. Mtaalamu wa viungo anasema vidole vinarudi. Nimefunga kifungo kimoja cha blauzi kwa mkono wa kushoto, na sikumwambia mtu isipokuwa shajara hii.

3 Julai

Stendi ya mbao imefika. Imeletwa na watu wawili, fundi na shemeji yake, wakihema.

"Hii nitaibebaje mpaka machimboni?" niliuliza.

Fundi akaangalia ardhi. "Nilidhani itakwenda kwa gari, Mwalimu."

"Ulidhani. Ulishindwa kuniuliza?"

"Nilishindwa, Mwalimu."

Wifi, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa ua wake akila karanga, alisema kwamba stendi hiyo ikikosa kazi ya kuchorea inaweza kushikilia daraja.

Kwa kuwa imekwisha kutengenezwa, niliitumia uani. Mchana kutwa ilisimama. Alasiri nilipoanza kuipaka picha rangi ya kivuli, ikalala upande, kushoto, juu ya maua ambayo wifi ameyapanda upande wangu wa ukuta. Kigingi cha mguu wa kushoto hakikuwa kimeingia kwenye tundu lake. Nilimpigia fundi simu. Akasema ni kosa lake, akaniomba msamaha mara tatu. Nikamsamehe.

4 Julai

Wifi ameniletea bili ya maua, kwa mdomo, kupitia ukutani. Nimeikataa.

14 Julai

Upepo tena. Nimechora nikiwa dirishani. Mwanangu alipiga simu kuuliza kama nakula vizuri. Nakula.

21 Julai

Kikao cha chama cha kutazamana kazi. Nilipeleka tatu: tangi la maji, ua wangu, na barabara ya sokoni. Mlizisifu, wenzangu. Mwenyekiti alisimama mbele yazo mikono nyuma, akasema kwamba nafasi niliyoiacha upande wa kushoto ndiyo pumzi ya picha. Kwamba mchoraji mchanga hujaza, mkomavu huacha. Wengine mkaitikia kwa vichwa. Sikujua ni nafasi ipi aliyoisema, lakini sifa niliipokea kwa adabu, kama inavyopasa.

Mwezi wa tisa unakaribia na bado sina stendi.

29 Julai

Nimeirudia ile ya aluminiamu na kuifungia mfuko wa mawe katikati ili kuipa uzito. Imeanguka pamoja na mawe.

5 Agosti

Leo nimefika juu ya machimbo kwa mara ya kwanza tangu niugue. Nastahili kuandika kwa urefu.

Kutoka ukingoni machimbo yanaonekana kama sahani kubwa iliyomegwa. Ukuta wa mawe una tabaka za kijivu, nyeupe na rangi ya kutu, na chini mitambo ya kusagia inatoa vumbi ambalo upepo unalichukua na kulisambaza bila mpango. Nilisimama kutafuta mahali pazuri. Nyuma yangu sauti ya mwanamke kijana ikasema:

"Mama, samahani, umesimama kwenye mstari wangu."

Nikageuka. Alikuwa mpima ardhi, amevaa kofia ngumu ya njano, na mbele yake chombo cha kupimia kilikuwa juu ya miguu mitatu.

"Mstari gani?"

"Wa kupimia. Unanizibia. Sogea kulia kidogo, tafadhali. Zaidi. Hapo hapo, asante."

Sikumbuki mara ya mwisho mtu wa mji huu aliponiambia nisogee. Ila yeye si wa mji huu. Ameletwa na kampuni, hajui kwamba niliwahi kuwa mwalimu mkuu wa yeyote. Nilisogea, nikakitazama chombo chake. Upepo ulikuwa ukinipeperusha kanga, ukiiyumbisha kofia yake, lakini chombo kilikuwa kimetulia kana kwamba kimeota pale.

Nilisubiri amalize, nikamuuliza siri. Hakuna siri, alisema. Miguu ina ncha za chuma. Pembeni ya kila ncha kuna kipande cha kukanyagia, unauzamisha mguu ardhini kwa uzito wa mwili wako. Urefu unabanwa kwa kishikizo unachokibonyeza chini kwa kiganja kimoja. Kuna mkanda wa begani. Akaniruhusu nijaribu. Mkono wangu mmoja na mguu wangu mmoja vilitosha! Nilijisikia kama niliyefunguliwa mlango na mtu ambaye hata hakujua kwamba ulikuwa umefungwa.

"Tunayo nyingine kuukuu kwenye gari," akasema. "Imekwaruzika tu. Ofisi inaiondoa. Nitauliza."

Kisha akaitazama kazi yangu.

"Hujaukanyaga mguu wa kushoto."

Nilitazama. Kweli, miwili ilikuwa imezama, wa kushoto ulikuwa unaelea juu ya kokoto.

"Na huku utamalizia lini?" Alikuwa ameuchukua ubao niliokuwa nimechora asubuhi njiani, akionyesha sehemu yake moja.

"Huko wapi?"

"Huku kushoto. Hamna kitu."

Nilimweleza, kwa utulivu, kwamba hiyo ni pumzi ya picha. Akaniangalia kama anayeangalia kipimo kisicholingana na kilichotangulia.

"Mama, hapa kuna nusu ya nyumba. Mlango umekatwa katikati."

Nikautazama ubao. Nikageuza shingo, nikageuza tena. Ndipo nilipouona mlango.

6 Agosti

Nilimwita wifi tangu asubuhi, nikazipanga picha zote za msimu sakafuni, kumi na kitu. Nikamwambia aseme anachokiona, bila kunionea haya.

"Nikuonee haya tangu lini?" Akazunguka. "Hii nusu. Hii nusu. Hii robo tatu. Hii, mbuzi hana kichwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wifi, wewe nikisema kitu, unaniambia vifaa vina watu wake. Nikajua ndio usanii. Mwenyekiti wenu mwenyewe alikusifu!" Akaweka mkono kiunoni. "Ngoja. Ndiyo maana sahani ninazokuletea zinarudi na chakula upande mmoja? Nami nikadhani unayadharau mapishi yangu. Miezi mitatu nimekununia bure!"

Tulicheka, kisha hatukucheka tena.

Mchana tulikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Alinipa karatasi yenye mistari mingi midogo, akaniomba niikate yote kwa kalamu. Niliikata yote, nikamrudishia. Akaizungusha mezani. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imebaki mizima, safu kwa safu. Akanieleza kwamba macho yangu hayana kasoro. Ni ubongo ambao, baada ya kiharusi, unasahau kuuliza habari za upande ule. Aliongeza, huku akipangusa meza isiyo na vumbi, kwamba alipaswa kunipima mapema, ila nilimwambia siku ya kwanza kwamba macho yangu ni mazima, naye akaona haya kubishana nami. Naye nilimfundisha.

Kwa hiyo naandika kwa usahihi, kwa faida ya wote watakaosikia. Ile ya aluminiamu si bora, na ile ya mbao ni kichekesho, lakini hakuna iliyoanguka kwa upepo peke yake. Kila moja ilianguka kwa mguu ambao sikuukaza kwa kuwa sikuuona. Mimi niliilaumu stendi. Muuzaji, fundi na chama mkanilinda nisiambiwe. Mwenyekiti, sikulaumu. Kwa miaka thelathini niliwafundisha watu wa mji huu kwamba Mwalimu Mkuu hasahihishwi, na mmekuwa wanafunzi wazuri.

9 Agosti

Mpima ardhi ameniletea ile stendi kuukuu. Imekwaruzika kweli. Fundi ametengeneza kisanduku chembamba cha rangi kinachofungwa juu yake kwa skrubu moja; safari hii nilimwomba aniambie nilipokosea katika mchoro. Akafikiri. "Mfuniko umeuweka mpana mno, Mwalimu. Upepo utaupiga." Ilimtoka kwa shida, kama anayetapika. Tuliupunguza.

17 Agosti

Zoezi: napiga mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ubao, na siruhusiwi kuanza kuchora mpaka nimeuona. Mguu wa kushoto wa stendi nimeufunga utambaa mwekundu. Huo ndio unaotangulia kukanyagwa.

18 Agosti

Nimeusahau.

24 Agosti

Nimeukumbuka. Picha imejaa, ila kushoto kumejaa kwa hofu. Rangi ni nene kama ukuta wa boma.

2 Septemba

Mawingu upande wa milimani. Mwanangu anakuja tarehe kumi na tatu.

13 Septemba

Alifika asubuhi na darubini shingoni. Nilimwambia kabla hajanywa chai. Nilimweleza yote, pamoja na karatasi ya mistari na mbuzi asiye na kichwa. Alimgeukia wifi.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Kila ukipiga simu ni kama anakula. Anakula! Nusu."

Mwanangu akaweka kikombe chini. "Basi hakuna haja ya jaribio, Mama."

"Jaribio liko palepale. Tulipeana mkono."

Sikumwambia ili anionee huruma. Nilimwambia kwa sababu mtu anayekadiria hasara hawezi kukadiria kitu alichofichwa.

Nikaondoka saa tatu, stendi begani. Wao walikwenda kwa gari mpaka kwenye tangi la maji, wakakaa ndani ya gari. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote za msimu, kama unaojua kwamba mvua zinakuja kuuondoa kazini. Nilipumzika kila nilipohitaji. Juu nilitafuta utambaa mwekundu, nikaukanyaga mguu wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kisha wa nyuma, nikabonyeza vishikizo kwa kiganja, nikafunga kisanduku. Nikaisukuma stendi kwa nyonga. Haikutikisika. Upepo ulikuja kwa ghadhabu zake zote, ukachukua kitambaa cha kichwa changu, ukaiacha stendi ilivyo.

Nilichora ukuta wa machimbo kuanzia mstari mwekundu kwenda kulia, tabaka kwa tabaka. Sijui kama ni picha nzuri. Ni picha nzima.

Nikafunga vitu, nikaanza kushuka. Nilikuwa na furaha, na hilo naliandika kama sababu, si kama udhuru. Chini kidogo njia inagawanyika: ya nyumbani inapinda kushoto, na nyingine inaendelea moja kwa moja mpaka kwenye uzio uliobomoka wa ukingo wa machimbo. Safari zote za nyuma nilikuwa nimepinda kwa mazoea ya miguu. Leo miguu ilikuwa imechoka na kichwa kilikuwa kwenye picha. Kwangu mimi palikuwa na njia moja tu. Nikaifuata.

"Mama! Kushoto!"

Nilisimama. Alikuwa anapanda mbio, darubini ikimpiga kifua. Uzio ulikuwa hatua chache mbele yangu. Hakunigusa, alisimama akihema, na tulitazamana. Wote wawili tulijua sharti linasemaje kuhusu kuelekezwa.

Ningeweza kuanza kujitetea. Hoja ninazo siku zote. Lakini nilisema:

"Toa alama."

"Mama..."

"Usinionee haya. Toa alama kama unavyoitoa kazini."

Akajifuta jasho. Alipozungumza hakunitazama, alitazama stendi.

"Kupanda, sawa. Stendi, sawa kabisa, sijaona kitu kinasimama vile. Kuchora, sawa. Kushuka umeshindwa. Ungekwenda kwenye shimo." Akauonyesha uzio kwa kidole. "Kazini tunaita hasara ya sehemu. Gari lililovunjika taa halipelekwi kwenye vyuma chakavu. Linatengenezwa. Lakini halitembei bila taa, Mama. Sitakubali. Peke yako huku, hapana."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniambia hapana na kuisimamia. Nilitambua kwamba hata sharti lenyewe alilipanga gumu ili jibu litolewe na kilima, si na yeye.

"Kwa hiyo nabaki nyumbani," nikasema, "na huku napanda na mtu."

"Mpaka yule wa viungo akupime tena."

"Na mtu huyo ni nani?"

Wifi alikuwa ametufikia, ameshika kiuno kwa mikono miwili.

"Msinitazame mimi. Nina magoti mawili na yote mabaya."

Tuliendelea kumtazama.

"Stendi siibebi," akasema. "Hilo mlielewe. Na maua yangu yalipwe."

14 Septemba

Nimelipa maua. Mwanangu ameondoka na gari tupu. Mlangoni alinikumbatia kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kwamba kitasa cha mlango wa uani kimelegea. Kimelegea kweli.

22 Septemba

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku na kukatika asubuhi. Hewa ilikuwa safi, machimbo yalionekana mpaka tabaka la mwisho. Tulipanda. Stendi ilikuwa kwenye bega langu. Wifi alitembea kushoto kwangu, akiyalalamikia magoti yake, matope, viatu nilivyomwazima, na ukaidi wa mwanamke ambaye kaka yake alimwoa bila kuwashauri wenziwe. Hakunyamaza kupanda wala kushuka. Tulipofika kwenye mgawanyiko wa njia nilipinda bila kuambiwa, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imekwisha kupinda.